Namna ya Kupima Nafasi ya Mwanafunzi wa Hisabati Kudahiliwa Katika Chuo Kikuu Chenye Mchujo Mkali

Mtu anayetaka kujua kama kijana hodari wa hisabati ataingia chuo kikuu chenye mchujo mkali kwa kawaida hutafuta kwanza asilimia ya waombaji wanaokubaliwa, kisha humtazama kijana, kisha hubahatisha. Utaratibu huo umeanzia mwisho. Swali la kwanza ni chuo chenyewe kinapima nini, kwa kuwa vyuo viwili vinavyolingana kwa sifa vinaweza kumpitisha kijana yuleyule katika chekecheo tofauti kabisa, na alama inayombeba huku ikakosa uzito kule.

Cambridge ya Uingereza na MIT ya Marekani ni mfano mzuri wa tofauti hiyo. Cambridge, mwombaji huomba kozi mahsusi, na anayeomba hisabati husomwa na wanahisabati, huhojiwa kwa kupewa maswali ayatatue mbele yao huku akieleza anavyofikiri, na akikubaliwa hupewa nafasi yenye masharti. Sharti la kawaida ni A*A*A (A* mbili na A moja, A* ikiwa daraja la juu kabisa) katika A-level, mitihani ya mwisho wa sekondari ya Uingereza, pamoja na daraja la 1 katika karatasi ya 2 na ya 3 za STEP, mtihani maalumu wa hisabati wa kuingilia chuo, na chuo hutoa ahadi nyingi kuliko viti kilivyo navyo, kikijua kwamba mtihani huo utawapunguza walioahidiwa. Kwa hiyo anayepima nafasi hapa ana maswali mawili, yaani kama mwanafunzi atapata ahadi, na kama ataitimiza.

Swali la pili ndilo linalopimika vizuri zaidi, na nashangaa ni wachache kiasi gani wanaolipima. Karatasi za STEP za miaka iliyopita zinapatikana kwa yeyote. Kila karatasi ina maswali 12, muda wake ni saa 3, na yanayohesabiwa ni majibu 6 yaliyopata alama nyingi zaidi, kila moja likiwa na alama 20. Mwekee mwanafunzi saa, mwache peke yake, kisha sahihisha bila huruma: swali lililoanzwa vizuri na kuachwa njiani halina thamani ya swali lililokamilika, na hoja yenye pengo haijakamilika. Maswali manne kamili kwa kawaida humfikisha katika daraja la 1 au karibu nalo, ingawa mipaka ya madaraja hubadilika kila mwaka. Mwanafunzi anayepata A* kwa urahisi shuleni lakini anayekwama baada ya swali moja hajashindwa, ila ameonyesha kwamba hajazoea swali refu lisilomwambia atumie njia gani, na hilo hurekebishwa kwa miezi mingi ya mazoezi, si kwa wiki mbili.

MIT, kwa upande wake, haimdahili mtu katika idara ya hisabati. Mwombaji hudahiliwa chuoni, na maofisa wa udahili husoma faili lote: matokeo ya shule, SAT au ACT, mitihani ya kuombea vyuo vya Marekani ambayo chuo kilirudisha kuwa ya lazima mwaka 2022, insha, shughuli za nje ya darasa, na barua mbili za walimu, moja ya mwalimu wa hisabati au sayansi na nyingine ya mwalimu wa lugha, sanaa au masomo ya jamii. Sharti hilo la barua ya pili ndilo linalowaponza vijana wengi wa hisabati. Mwanafunzi aliyelala katika vipindi vya historia kwa miaka mitatu atahitaji mtu wa kumwandikia, na mtu huyo ataandika alichokiona.

Baada ya kujua chekecheo, ndipo ufungue faili la mwanafunzi, na hapo jihadhari na alama zenye dari. Alama 800 katika sehemu ya hisabati ya SAT ndiyo ya juu kabisa, na miongoni mwa waombaji wa vyuo hivi walioipata ni wengi mno kiasi kwamba haimtofautishi mtu. Ikikosekana kwa mbali inatia shaka, ikiwepo haisemi mengi. Vivyo hivyo kwa kuwa wa kwanza darasani, jambo ambalo ukubwa wake unategemea darasa lenyewe.

Mashindano ya hisabati yana dari ya juu zaidi, lakini lazima yasomwe kwa jinsi yalivyo. Nchini Marekani ngazi huanza na AMC, yenye maswali 25 ya kuchagua kwa dakika 75. Wanaofanya vizuri hualikwa AIME, yenye maswali 15 kwa saa 3, ambako kila jibu ni namba kamili kuanzia 0 hadi 999. Juu yake kuna USAMO, yenye maswali 6 kwa siku mbili, na hapo kinachosahihishwa ni uthibitisho ulioandikwa. Tofauti hii ya mwisho ni kubwa kuliko inavyoonekana. Mtu anaweza kupata jibu sahihi la AIME kwa kukisia ruwaza kwa werevu, na werevu huo ni kipaji halisi, lakini hauonyeshi kwamba anaweza kuandika hoja ambayo mtu mwingine hawezi kuitoboa. Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati, iliyoanza Romania mwaka 1959, huchukua watu wasiozidi 6 kwa kila nchi, kwa hiyo kuitumia kama kipimo cha kawaida ni kuwaonea karibu waombaji wote.

Kama mwanafunzi hakuwahi kushindana, uliza kwanza kama alikuwa na pa kushindania. Aliyesoma mahali pasipo na mashindano, akajifundisha aljebra ya mistari kwa kitabu cha kuazima na akaweza kuthibitisha nadharia zake, ana ushahidi mzuri. Aliyezungukwa na mashindano na asiingie hata moja anahitaji kuonyesha muda huo aliutumia wapi. Kuhusu utafiti wa wanafunzi wa sekondari, mimi huuchukulia kwa tahadhari, hasa ule wa kulipia. Mwambie mwandishi afunge karatasi yake na akueleze tokeo kuu, kwa nini tokeo hilo linaanguka sharti moja lisipokuwepo, na ni sehemu gani alikwama. Asiyeweza kusema alikwama wapi, yaelekea kazi hiyo hakuifanya yeye.

Sasa ndipo asilimia ina maana. Kwa kundi lililoingia MIT mwaka 2024, waombaji walizidi 28,000 na waliokubaliwa hawakufika 1,300, yaani takriban asilimia 4.5. Namba hiyo ni ya umati, na ndani yake mna makundi yenye viwango tofauti sana. Anayeomba kutoka nje ya Marekani, kwa mfano, hukabili kiwango cha chini zaidi kwa sababu chuo kimeweka ukomo wa wanafunzi wa kigeni. Hitaji la msaada wa fedha nalo liingizwe katika hesabu: MIT, Harvard, Princeton na Yale haziangalii uwezo wa kulipa zinapoamua, hata kwa mgeni, lakini vyuo vingi vingine vya Marekani huangalia.

Kuna kosa moja ambalo wanahisabati wenyewe hulifanya, na si la kusamehewa kirahisi. Wanachukua vyuo kumi, kila kimoja kwa nafasi ya asilimia 5, wanazidisha 0.95 kwa yenyewe mara kumi, wanapata takriban 0.60, kisha wanatangaza kwamba uwezekano wa kupata angalau kimoja ni asilimia 40. Hesabu hiyo ni halali iwapo maamuzi hayategemeani, na hapa yanategemeana, maana vyuo vyote kumi vinasoma insha ileile na barua zilezile. Barua dhaifu ni dhaifu kila mahali. Ndiyo maana kuongeza chuo cha kumi na moja chenye chekecheo lilelile hakusaidii kama kuongeza kimoja chenye chekecheo tofauti.

Kijana ambaye uthibitisho wake ni safi lakini insha zake hazina uhai na alama zake za historia ni za wastani, mpe nafasi nzuri zaidi Uingereza kuliko Marekani. Mwenye AIME ya kawaida, barua mbili zenye visa halisi na kazi aliyoibuni mwenyewe, mgeuzie upande wa pili. Uamuzi huo ufanywe mapema, kwa sababu maombi ya Oxford na Cambridge hufungwa katikati ya Oktoba na mtu haruhusiwi kuomba vyote viwili mwaka mmoja, kwa hiyo jaribio la kwanza la kujipima kwa karatasi ya STEP lifanywe miezi kadhaa kabla, wakati matokeo mabaya bado yanaweza kubadilisha orodha.