Kuwaonyesha wanafunzi sodiamu iliyo juu ya Dar

Walimu wenzangu wa fizikia, msingoje maabara. Hapa Mbagala natumia CD ya zamani, pamba, spiriti na chumvi ya mezani, ambayo ina sodiamu. Chumba kiwe na giza. Lowesha pamba kwa spiriti, iweke kwenye kisahani cha bati, nyunyiza chumvi bila ubahili, peleka chupa mbali, kisha washa. Ndoo ya mchanga isikose.

Wanafunzi watazame moto ndani ya CD, inayotenganisha rangi za mwanga, huku wakiiinamisha taratibu. Tochi ya simu hutoa rangi zote za upinde wa mvua. Moto wa chumvi hutoa karibu manjano tupu. Ni manjano hiyohiyo, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 589, aliyoinasa Vesto Slipher wa Marekani kwenye mwanga wa anga la usiku mwaka 1929. Inatoka kwenye tabaka la atomu za sodiamu kilomita 90 hivi juu yetu, zilizoachwa na vimondo vinavyoungua. Kwa macho matupu huioni, wasikudanganye.

Sasa uliza: tabaka hilo hujaa zaidi majira gani? Darasa zima litajibu kiangazi, yaani majira ya joto. Waache wabishane kwanza. Katika nchi za mbali na Ikweta, sodiamu hujaa majira ya baridi: kaskazini karibu na Desemba, kusini karibu na Juni. Kule juu mambo ni kinyume na huku chini: kiangazi hewa hupanda, hutanuka na kupoa mno, hata nyuzi 140 chini ya sifuri karibu na ncha za dunia. Baridi hiyo huifungia sodiamu ndani ya bikaboneti, ileile ya kuumulia maandazi, na atomu za hidrojeni hushindwa kuikomboa haraka. Juu ya Dar tofauti ya majira ni ndogo, kwa hiyo usiwaahidi maajabu.

Kinachoonekana kwa macho ni vimondo vyenyewe. Usiku wa kuamkia Mei 6, wapelekeni na wazazi wao ufukwe wa Kigamboni, kuanzia saa tisa hadi alfajiri, wakitazama mashariki baharini kusiko na taa. Vile ni vumbi la kimondomkia (kometi) cha Halley. Masika yakiwazibia, subirini usiku wa kuamkia Desemba 14, baada ya saa sita usiku, na safari hiyo geukeni kaskazini.