Kumtambua buibui wa nyasi: anza na umande

Mimi humtafuta alfajiri, pembezoni mwa msitu, kabla umande haujakauka. Tando za buibui wa nyasi wa Amerika Kaskazini (Agelenopsis) huonekana kama leso zilizoanikwa majanini, kila moja na tundu lenye umbo la faneli. Gusa utando: haunati. Kwa hiyo yeye hutegemea mbio; mdudu akitua tu, huchomoka, humng'ata na kumburuta hadi tunduni. Mara nyingi nimemtoa kwa kutikisa utando kwa ncha ya jani, ingawa mara ya pili huwa hadanganyiki.

Akitoka, tazama michirizi miwili myeusi mbele ya mgongo, kisha vichomozi viwili virefu vya kutolea nyuzi mwishoni mwa tumbo. Hivyo naviamini kuliko rangi. Yule buibui hatari wa Australia, ambaye naye huitwa wa utando wa faneli, ni wa ukoo mwingine kabisa.