Mpapai dume au jike? Acha kubahatisha, panda kwa hesabu

Mara ya kwanza nilipanda miche 20, kila shimo mche mmoja, nikaipa samadi, nikamwagilia asubuhi na jioni, ilipofika mwezi wa tano naona vikonyo virefu vinaning'inia kama hereni, maua kibao, nikafurahi kweli, kumbe zaidi ya nusu ni madume. Yaani 11 kati ya 20. Maua yao yakadondoka yote na papai hamna.

Sasa jambo la kwanza, mpapai una jinsia tatu siyo mbili. Kuna dume, kuna jike, halafu kuna wenye jinsia mbili ambao ua moja lina kila kitu na linajichavusha lenyewe. Mtende na bangi nazo zina miti dume na miti jike, ila huyu wa jinsia mbili ndo anayeufanya mpapai uwe na mambo yake.

Pili, kwa kuangalia mbegu huwezi kujua. Utaambiwa mbegu nyeusi ndo jike, mzizi ulionyooka ni dume, zinazoelea kwenye maji ni dume (zinazoelea tupa tu, nyingi ni pepe, ila hiyo haihusiani na jinsia). Wengine watakwambia upigilie msumari kwenye shina eti dume ligeuke. Dume saa zingine linazaa vipapai vichache mwishoni mwa vile vikonyo virefu bila kuguswa na mtu, basi sifa anapewa msumari. Jinsia iko kwenye kromosomu (vinyuzi vya urithi ndani ya seli) tangu mbegu inatungwa, na kwenye mche mdogo kipimo cha kuaminika ni cha DNA maabara, ambacho kwa mtu wa miche 20 ni kujisumbua.

Unachoweza kuchagua ni wazazi. Papai la duara mara nyingi limetoka kwa jike, lile refu au lenye umbo la peasi limetoka kwa mti wa jinsia mbili. Shida ni baba, maana chavua (ule unga wa kiume wa ua) inaletwa na wadudu na upepo na hukuwepo. Jike akipata chavua ya dume, nusu ya miche ni madume, ndo yaliyonikuta. Jike akipata chavua ya jinsia mbili, nusu majike nusu jinsia mbili, dume hamna. Na mti wa jinsia mbili ukijichavusha wenyewe, katika kila miche 3 tegemea 2 ya jinsia mbili na 1 jike, hapo pia dume hamna kabisa. Ingetakiwa iwe jinsia mbili 3 kwa jike 1, ila robo ya mbegu, zile zilizorithi kromosomu ya jinsia mbili kutoka pande zote, zinakufa changa.

Kwa hiyo mfungie mlango baba asiyejulikana. Chagua mti wa jinsia mbili unaozaa vizuri, tafuta ua lililonenepa ila bado limefumba, ukichelewa likafunguka imekula kwako. Livalishe kimfuko cha karatasi, siyo nailoni maana inatoa jasho ua linaoza, funga na uzi bila kukaba. Petali zikishaanguka na umeona kipapai toa mfuko, acha uzi wa rangi kwenye kikonyo usije ukasahau ni lipi ukalila. Likiiva toa mbegu, zisugue kwenye chujio mpaka ule utando wa kuteleza utoke, kwa sababu unachelewesha kuota, kisha anika kivulini. Kuota ni kama wiki 2 hadi 4.

Kupanda sasa: miche 3 kila shimo, iachane kidogo. Kwa mbegu za kujichavusha, uwezekano wa kupata angalau mmoja wa jinsia mbili ni 26 kati ya 27, na kwa zile za jike aliyepata chavua ya jinsia mbili ni 7 kati ya 8. Ukipanda mmoja mmoja kama mimi, unacheza kamari.

Maua yakija, mara nyingi kati ya mwezi wa 4 na wa 6 tangu kupanda, dume utalijua kwa mbali. Kazi iko kutofautisha hao wengine wawili, wote maua yao yako karibu na shina. Chuma ua moja lililofumba ulipasue na wembe kwa urefu. Jike ni nene chini, ndani kuna kitu cha duara kama yai na hakuna stameni (vijiti vinavyotoa chavua) hata moja. Jinsia mbili ni jembamba, petali zimeshikana kwa chini, ndani ovari (sehemu inayokuja kuwa tunda) ni ndefu na pembeni kuna vistameni vya njano. Bakiza mmoja wa jinsia mbili, mingine ikate usawa wa udongo, using'oe, mizizi imeshashikana utaumiza unaoutaka. Kama shamba lako lina majike na madume tu, acha dume 1 kwa kila majike 10 hivi, la sivyo papai utazisikia kwa jirani.

Ila usiwe na haraka na panga. Joto likizidi, mti wa jinsia mbili unaweza kutoa maua yasiyo na ovari ya maana ukadhani ni dume, na baridi ikizidi unatoa mapapai yaliyojikunja. Jike hana mambo hayo. Angalia urefu wa kikonyo kwanza, kama ni kifupi subiri hali ya hewa ibadilike, upasue maua mapya ndo uamue.