Karafuu ichumwe lini ili mafuta yabaki ndani

Jamani watu wengi mnanunua karafuu ya jino au ya chai halafu mnalalamika haina ukali, haichomi ulimi, na lawama zote anatupiwa mwenye duka wakati mara nyingi kosa lilifanyika juu ya mti, ilichumwa siku siyo. Mimi nimekulia kwenye mikarafuu huku Pemba na hili jambo linaniuma kweli, kwa hiyo ngoja niwaeleze tunavyoangalia.

Kile kinachotia ganzi fizi kinaitwa eujenoli, ndo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu, na hata madaktari wa meno wanaichanganya na unga wa zinki oksaidi kuziba jino kwa muda. Mafuta yako mti mzima, majani yanayo, makonyo (vijiti vinavyoshika matumba) yanayo kama asilimia 5 au 6, ila tumba, yaani ua ambalo halijafunguka, ndo karafuu yenyewe, likipevuka na likiwa kavu linabeba karibu 15 mpaka 20, hakuna sehemu nyingine inayolifikia.

Sasa angalia rangi. Tumba likiwa kijani tupu usiguse, bado halijajaa, ukilianika linasinyaa linakuwa jepesi lina makunyanzi. Baadae ule ukijani unafifia unaenda kwenye umanjano, halafu shingo inaanza kuingia wekundu wa pinki huku kichwa bado kimefumba vizuri, urefu kama sentimita 1.5 hadi 2, hapo ndo penyewe, chuma. Ukichelewa kichwa kinafunguka unaona nyuzi nyeupe zimetoka na nyuki wamejaa, basi mti umeshaanza shughuli ya kuzaa na ile karafuu haina thamani tena kama dawa, mwisho inageuka tunda la zambarau iliyokoza ambalo zuri kwa mbegu tu.

Shida ni kwamba mti hauivi wote siku moja, hata kishada kwa kishada vinapishana, kwa hiyo lazima urudi mti uleule mara kadhaa ndani ya msimu. Mwaka mmoja sisi tulisubiri wachumaji mpaka wamalize shamba la jirani, tukasema wiki moja si kitu, tulivyopanda tukakuta upande wa juani umechanua wote na hela ya mwaka mzima ikapungua hivihivi tunaiona. Kingine, kata kishada kwa mkono taratibu, usivute tawi likavunjika, tawi hilo ndo karafuu za msimu ujao.

Jioni ileile chambua, matumba huku makonyo kule (makonyo usitupe, yanauzwa, kiwanda cha Wawi hapa Pemba kinayakamua mafuta). Nasisitiza jioni ileile, maana karafuu mbichi ikilala kwenye gunia inapata joto inachacha, na ikikauka inatoka nyeupe nyeupe imekunjamana, hata kama uliichuma siku sahihi kazi yote imeharibika. Anika kwenye jamvi, tandaza nyembamba, geuza mara kwa mara, funika usiku umande usiingie, jua likiwa zuri siku 4 au 5 inakuwa kahawia iliyoiva na ukiivunja inalia tap. Kilo 3 mbichi zinatoa kama kilo 1 kavu, kwa hiyo mtu akikuambia zake hazikupungua ujue zina maji.

Wewe mnunuzi, bonyeza shingo kwa ukucha, mafuta yanatakiwa yachomoze. Au tia kwenye glasi ya maji, yenye mafuta yake inazama au inasimama wima, iliyokwisha inalala juu juu.

Kwa wanaochemsha majani, yale machanga mekundu mekundu bado hayana eujenoli ya kutosha, yana asetati yake nyingi (eujenoli iliyoungana na asidi ya siki), jani likikomaa ndo asetati inashuka na eujenoli inapanda, kwa hiyo chukua yaliyokomaa. Ila mafuta yaliyokamuliwa ni kitu kingine kabisa, usimnyweshe mtoto hata tone, yanaweza kumuumiza ini, na mtu mzima asiyapake fizi bila kuyachanganya na mafuta ya kula maana yanaunguza. Na jino likiendelea kuuma nenda kwa daktari, karafuu inatuliza haitibu tundu.

Ukishanunua nzima usisage yote, saga ya kutumia siku ile, nyingine weka kwenye chupa yenye mfuniko mbali na jiko.