Vitanda aina 60 kwenye karakana ndogo: namna ya kupokea kila oda bila kujaza stoo

Wadau wa fanicha, hasa nyie wa Keko na Buguruni, hili linatutesa wengi. Mteja anakuja na picha ya Instagram anataka 5x6 kichwa cha sponji, wa pili anataka kama hicho hicho ila 6x6 bila sponji. Saizi nne, vichwa vitano, rangi tatu, tayari ni vitanda aina 60 na hapo hujagusa aina ya mbao. Kuviweka vyote dukani huwezi, na ukisubiri oda ndo uanze kupasua mbao mteja anahamia kwa jirani.

Hatua ya 1: tafuta vinavyofanana. 3.5x6, 4x6, 5x6 na 6x6 zote urefu ni futi 6, kinachobadilika ni upana tu. Kwa iyo mbao za pembeni ni zile zile na miguu ile ile, hizo tengeneza nyingi kwa mkupuo, piga randa, piga msasa, weka stoo hata kama hamna oda, hazitakosa kitanda cha kuingia.

Hatua ya 2: jigi, yaani kipande cha mfano cha kuongozea matundu. Hapa ndo pa kukomaa jamani. Tundu la bolti likihama kidogo tu, ile stoki yote inakuwa kuni. Chukua plaiwudi nene, toboa matundu kwa vipimo vyako, kila fundi atobolee hiyo hiyo, hata yule mkongwe anayeamini jicho lake. Halafu jaribu: mbao ya pembeni iliyotengenezwa Jumatatu funga na mguu wa Ijumaa, zikigoma kukutana angalia jigi, matundu yake huwa yanalika na kupanuka.

Hatua ya 3: chelewesha tofauti. Rangi, kitambaa na nakshi viwe mwisho kabisa. Benetton wa Italia walijulikana kwa hili, sweta wanafuma kwanza, wakishaona rangi gani inatoka ndo wanatia rangi. Kitanda ukishakipiga vanishi nyeusi kina mteja wa aina moja, kisichopakwa bado ni cha yeyote. Chaga nazo zikatwe oda ikiingia, na 5x6 na 6x6 usisahau mbao ya katikati na mguu wake.

Hatua ya 4: vichwa vitano ukutani, mteja achague hapo. Anayetaka cha nje ya hapo mpokee vizuri ila bei yake na siku zake ziwe tofauti, maana anasimamisha kazi za wenzake.

Hatua ya 5: kadi ya oda, karatasi moja inayotembea na kitanda mpaka kwa mpiga rangi, voisi noti hazimfikii. Andika saizi, kichwa, rangi, siku ya kuchukua, na kama kuna kitambaa bandika kipande chenyewe mteja asaini kabla hujapokea adivansi, kwa sababu kijivu alichokiona kwenye simu na kitakachopatikana Kariakoo mara nyingi havilingani.