Kabla ya kubadilishiwa goti au nyonga, kwa anayetumia dawa za sonona

Kubwa kuliko yote: usiache dawa zako za sonona kimyakimya kwa sababu tu umepangiwa upasuaji. Wanaoziacha kwa kuogopa nusukaputi hujikuta baada ya siku chache na kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi wa mang'amung'amu na hali kama ya kupigwa shoti kichwani. Venlafaksini na paroksetini husumbua zaidi kwa kuwa hutoka mwilini upesi. Tena goti jipya linataka mazoezi ya kila siku, na mtu aliyerudiwa na sonona kuamka tu ni mtihani. Mara nyingi daktari wa usingizi huagiza dawa iendelee, hata asubuhi ya upasuaji, kwa funda dogo la maji. Muulize mapema, naye ashauriane na aliyekuandikia.

Ili akushauri, lazima ajue. Mama anaulizwa mbele ya mwanawe, "Unatumia dawa gani?" anajibu, "Za presha tu, daktari." Aibu hiyo naielewa, lakini inaweza kumgharimu. Omba kuzungumza na daktari faragha, na uende na pakiti zenyewe. Amitriptilini, ambayo nayo ni dawa ya sonona, itaje hata kama ulipewa kwa ajili ya maumivu ya neva au usingizi.

Dawa za sonona kama fluoksetini na sertralini hupunguza serotonini, kemikali ya mwili, ndani ya chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda. Zikiwa peke yake hatari ya kuvuja damu ni ndogo. Zikikutana na diklofenaki, ibuprofeni, aspirini au warfarini, inapanda. Na ni mgonjwa gani wa goti asiye na diklofenaki nyumbani? Sema unameza kiasi gani, uambiwe lini uipumzishe. Aspirini au warfarini ya moyo usiisimamishe kwa uamuzi wako. Kwa wazee, ulizia kipimo cha sodiamu, maana dawa za sonona huweza kuishusha.

Dawa za maumivu ya baada ya upasuaji zipangwe mapema pia. Tramadoli na pethidini zikichanganyika na dawa za sonona zinaweza kupandisha serotonini kupita kiasi, na fluoksetini huifanya tramadoli isitulize vizuri. Anayekuuguza ajue dalili: kutetemeka, jasho jingi, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa. Akiziona amwite muuguzi papo hapo. Jioni ya upasuaji aulize pia kama dawa yako ya sonona imeandikwa kwenye karatasi ya dawa ya wodini.