Jinsi ya kulifuatilia neno gumu la Kiingereza hadi lilikozaliwa: mfano wa “serendipity”

Binti mmoja anayeanza kazi ya tafsiri alinitumia makala ya afya aliyokuwa akiifasiri. Ndani yake kulikuwa na sentensi isemayo kwamba penisilini iligunduliwa kwa “serendipity”, naye alikuwa ameandika “kwa bahati nzuri”. Nilimwomba asiikabidhi kwanza. “Bahati nzuri” ni nusu tu ya maana ya neno hilo, nusu ya pili ni werevu wa mgunduzi: inamwondoa mwanasayansi Alexander Fleming kwenye ugunduzi wake mwenyewe, na msomaji wa Kiswahili anabaki akidhani dawa ile ilidondoka tu kutoka mbinguni. Tulikaa na neno hilo hadi likakaa sawa. Njia tuliyopita ndiyo hii, na unaweza kuitumia kwa neno lolote la Kiingereza linalokusumbua.

Hatua ya 1: Nakili sentensi nzima

Usibebe neno peke yake. Nakili sentensi, iliyotangulia na inayofuata.

Hatua ya 2: Fungua kamusi mbili za Kiingereza kwa Kiingereza

Mimi naanza na Merriam-Webster kwa sababu ni bure mtandaoni na maelezo yake ni mafupi. Kisha naenda Oxford English Dictionary, ile kubwa, kwa sababu kila maana imewekewa nukuu na mwaka wake, kuanzia ya zamani kabisa iliyopatikana. Hiyo ni ya kulipia, lakini maktaba nyingi za vyuo vikuu zimejiunga, kwa hiyo muulize mkutubi kabla hujakata tamaa. Wiktionary, kamusi huru ya mtandaoni, nayo inafaa kama kibao cha njiani: inakuonyesha pa kwenda, isiwe ndiyo mwisho wa safari.

Kamusi ya Kiingereza–Kiswahili iache kabatini kwa sasa. Nasema hivi kwa msisitizo. Ukianza nayo, inakupa jibu kabla hujalijua swali, na jibu hilo likishakuingia kichwani halitoki.

Andika mambo manne: aina ya neno, mwaka wa matumizi ya kwanza, aliyelitumia, na maneno ya ukoo wake. Kwa “serendipity” utapata: nomino, 1754, Horace Walpole, na kivumishi “serendipitous”, kilichokuja baadaye sana, katika karne ya 20.

Hatua ya 3: Nenda kwenye chanzo chenyewe

Hapa ndipo usiku wangu mwingi ulipoishia, kwa hiyo nitakaa hapa.

Kurasa nyingi za intaneti zitakwambia kwamba neno hili “linatokana na Sri Lanka na maana yake ni bahati”. Ni kweli nusu. Zinanakiliana, na kila inayonakili inapunguza kidogo. Dawa yake ni moja: tafuta maandishi ya kwanza, uyasome kwa macho yako.

Maandishi hayo ni barua ya tarehe 28 Januari 1754. Walpole, mwandishi wa Kiingereza na mtoto wa waziri mkuu Robert Walpole, alimwandikia rafiki yake Horace Mann, mwakilishi wa Uingereza mjini Florence. Mann alikuwa amempelekea picha ya Bianca Cappello, mwanamke wa ukoo wa Cappello wa Venice, na Walpole, akipekua kitabu cha zamani cha nembo za koo za Venice, akakutana na jambo kuhusu nembo ya ukoo huo ambalo hakuwa akilitafuta. Akaupa ugunduzi wa namna hiyo jina alilolibuni mwenyewe, kisha akaeleza alikolitoa: alipata kusoma hadithi ya wana watatu wa mfalme wa Serendip, ambao kila waliposafiri waligundua mambo wasiyokuwa wakiyatafuta, kwa matukio ya kusadifu na kwa werevu wao.

Ishike sana hiyo “na kwa werevu wao”. Kwa Kiingereza chake ni “by accidents and sagacity”. Nguzo ni mbili, na kurasa za mtandaoni karibu zote zimeangusha ya pili. Halafu anaongeza sharti: kitu ulichokuwa ukikitafuta hakihesabiki, hata ukikipata kwa ajabu namna gani. Kwa hiyo kuipata simu uliyokuwa ukiitafuta nyumba nzima siyo “serendipity”, hata kama umeikuta ndani ya jokofu.

Sasa tahadhari, kwa sababu kufika kwenye barua hiyo kuna vikwazo.

Kwanza, unapotafuta kwenye Internet Archive au Google Books, hifadhi za vitabu mtandaoni, usiandike neno peke yake. Andika kipande cha sentensi ndani ya alama za kunukuu, mfano “accidents and sagacity”. Neno peke yake litakuletea maduka ya manukato na mikahawa.

Pili, vitabu vya Kiingereza vilivyochapwa kabla ya mwaka 1800 hivi vilitumia herufi s ndefu, inayofanana na f. Kompyuta inapozisoma picha za kurasa hizo, mara nyingi inaandika f. “Sagacity” inageuka “fagacity”, nawe unaambiwa hakuna matokeo. Ukikwama, badilisha s kwa f ujaribu tena. Barua za Walpole kwa Mann zenyewe zilichapwa mwaka 1833, s ndefu ikiwa imekwisha, kwa hiyo hazikusumbui. Ukirudi nyuma kwenye vitabu alivyosoma yeye, utasumbuka.

Tatu, angalia kalenda. Uingereza ilibadili kalenda mwaka 1752. Kabla ya hapo mwaka wao wa kisheria ulianza tarehe 25 Machi. Barua ya Januari 1754 iko salama. Ingekuwa ya Januari 1744, ungelazimika kuuliza ni 1744 ya hesabu ipi.

Nne, tenganisha mwaka wa kuzaliwa kwa neno na mwaka wa kuenea kwake. Neno hili lilizaliwa 1754, likalala ndani ya barua hadi 1833, na likaanza kuzungumzwa na wapenda vitabu mwaka 1875 lilipotajwa katika jarida la Notes and Queries. Wanasayansi walilipokea kwa nguvu katika karne ya 20. Ukikuta mtu ameandika kwamba Waingereza walilitumia sana tangu enzi za Walpole, ujue hajafika kwenye chanzo.

Toleo ninaloliamini kuliko yote ni lile la Yale la barua za Walpole, juzuu 48, lililotoka kati ya 1937 na 1983. Maktaba ya Lewis Walpole imeliweka mtandaoni bure. Linukuu hilo, achana na tovuti za “nukuu maarufu”.

Bado hatujafika mwisho, maana hadithi aliyoisoma Walpole nayo ina chanzo. Ilichapwa Venice mwaka 1557 kwa Kitaliano, ikapitia Kifaransa, na ikatoka kwa Kiingereza mwaka 1722. Nyuma yake kuna mshairi Amir Khusrau wa Delhi, aliyeandika kwa Kiajemi mwaka 1302 utungo uitwao Hasht Bihisht. Isome sehemu ya ngamia. Wale vijana hawajamwona ngamia aliyepotea, lakini wanamweleza mwenye ngamia jinsi alivyo: ni chongo, ana pengo, anachechemea, na amebeba siagi upande mmoja na asali upande wa pili. Wamejuaje? Majani yameliwa upande mmoja tu wa njia, tena upande uliokuwa na majani mabaya zaidi. Vipande vilivyodondoka njiani ni vya ukubwa wa jino. Nyayo za miguu mitatu ziko wazi na wa nne umeburutwa. Siagi imevuta sisimizi, asali imevuta nzi. Mwenye ngamia akaona wanajua mno, akawashitaki kwa wizi. Walpole, akiandika kwa kumbukumbu, alimfanya ngamia kuwa nyumbu.

Msomaji wa fasihi ya Kiarabu atakuwa ameshatabasamu. Wana wanne wa Nizar, yaani Mudhar, Rabia, Iyadi na Anmar, wana kisa cha ngamia kinachofanana kabisa na hiki, nacho kimo katika tarikh ya mwanahistoria Tabari.

Na jina Serendip? Ni Sarandib, jina la Kiarabu la kisiwa cha Sri Lanka, lenye asili ya Kisanskriti Simhaladvipa, “dvipa” ikiwa ni kisiwa. Pwani yetu inalijua siku nyingi: Sindibadi alifika huko katika safari yake ya sita, na wengi wamesikia kwamba Nabii Adamu alishukia kwenye mlima wa huko. Msafiri Ibn Battuta, aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, ndiye huyo huyo aliyeupanda mlima huo mwaka 1344. Mtandaoni utakuta pia dai kwamba jina limetoka kwa Suvarnadvipa, kisiwa cha dhahabu. Jina hilo kwa kawaida huhusishwa na Sumatra, liweke pembeni.

Hatua ya 4: Tazama neno linavyotumika leo

Chanzo kinakupa uzito wa neno, lakini hakikupi ruhusa ya kupuuza wanaolitumia sasa. Google Ngram, chombo kinachoonyesha neno limetumika mara ngapi vitabuni mwaka hadi mwaka, itakuonyesha mstari unaopanda katika karne ya 20. Kwa sentensi halisi natumia COCA, mkusanyiko wa matini za Kiingereza cha Marekani; usajili wa kawaida unatosha.

Utaona makundi matatu. Sayansi bado inashika nguzo zote mbili. Mazungumzo ya mtaani na matangazo yameitupa ya werevu, wapenzi wakikutana kwenye treni inatosha. Kundi la tatu ni la wataalamu wa kompyuta: katika mifumo ya kupendekeza filamu au muziki, neno hili ni kipimo cha pendekezo ambalo mtumiaji hakulitarajia lakini likamfaa.

Hatua ya 5: Sasa rudi kwenye Kiswahili

Mwulize mwandishi wa sentensi yako yuko kundi gani, kisha chagua.

Kwa mapenzi na mambo ya kila siku, Kiswahili kimejaliwa: “kuokota dodo chini ya mwarobaini”. Kuna usichokitafuta, kuna mahali usipotarajia. Sitaki mtu aniletee “serendipiti” hapo.

Kwa sayansi, dodo halitoshi, kwa sababu kila apitaye anajua dodo likoje. Septemba 1928 Fleming alirudi kutoka likizo kwenye Hospitali ya St Mary’s, London, akakuta ukungu umeota kwenye sahani moja ya bakteria, na bakteria waliokuwa karibu na ukungu huo wameyeyuka. Mwingine angeiosha. Yeye alikuwa ameshagundua laisozaimu, kimeng’enya cha kwenye machozi na kamasi kinachoua bakteria, kwa hiyo alijua anatazama nini. Louis Pasteur, mwanasayansi Mfaransa, alikwisha kusema mwaka 1854 kwamba katika uchunguzi bahati huzipendelea akili zilizojiandaa tu.

“Sadfa” peke yake ni tukio bila mtu. “Nasibu” inanukia tiketi ya bahati nasibu. Tulichokiandika ni hiki: “Penisilini iligunduliwa kwa sadfa iliyokutana na jicho la mtaalamu.” Ni ndefu kuliko neno moja, na mhariri alitaka kuikata. Binti alimtumia barua ya Walpole, sentensi ikabaki.

Kwa kompyuta andika wazi: “pendekezo lisilotarajiwa lenye manufaa”.

Ukitaka zoezi, chukua “gerrymander”. Anza na gazeti la Boston Gazette la tarehe 26 Machi 1812, tafuta mchoro wa jimbo la uchaguzi lililochorwa kama mnyama mwenye mabawa, kisha umtafute gavana Elbridge Gerry uone alisaini sheria gani mwezi uliotangulia.